King'ora Hakikulia, Nikasema Kililia

Msinitafute jina. Nilikosa, na sina wa kulaumu ila mimi mwenyewe. Nilisema uongo wa neno moja, neno "ndiyo", na neno hilo likamtoa mwanamke mzima kwa kazi yake, likamtoa kwa boma lake, na mwishowe likamfanya asiiamini akili yake.

Mwanamke huyo ni mamake mume wangu.

Siandiki hapa ati nihurumiwe. Ukweli huu nimeshawaambia waliohusika, nikiwaangalia usoni. Haukusaidia. Ndiyo maana nauleta kwenu, labda kuna mmoja utamfaa kabla hajachelewa kama mimi.

Naishi Ruiru na mume wangu na binti yetu mdogo. Nilisomea mambo ya kompyuta Thika, nikamaliza, halafu nikazunguka na bahasha ya kutafuta kazi hadi viatu vikaisha soli. Mwishowe nikabaki nyumbani na laptop yangu, nikiandika vijiprogramu vya watu wa maduka. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu anayeishi Membley, aliwahi kuniuliza mbele ya familia yote, "Na hiyo kompyuta yako huwa inapika nini?" Watu wakacheka. Nami nikacheka nao, nitafanya nini.

Ambaye hakucheka ni Maitu. Ndivyo tunavyomwita mama mkwe wangu sote, ni kusema "mama" kwa Kikuyu. Yeye ni mjane, boma lake liko Kalimoni, na kazi yake ilikuwa kuangua vifaranga. Alikuwa na mashine mbili za mbao, kubwa kama kabati za nguo, ndani zimejaa trei za mayai, taa za joto na feni. Majirani walimletea mayai ya kuku wao wa kienyeji, anawaangulia, wanagawana vifaranga. Kuna wamama wa pande zile waliosomesha watoto na kuku waliotoka kwa zile kabati.

Shida ilikuwa joto. Mayai hayataki mchezo. Joto likipungua yanachelewa, likizidi yanakufa. Kwa hivyo Maitu hakuwa mtu wa kukaa mahali. Kwa harusi aliondoka kabla keki haijakatwa. Kwa mazishi alirudi kabla watu hawajaosha mikono wale. Akiwa kwetu Ruiru alikuwa anakunywa chai amesimama.

Siku moja nikamwambia, "Maitu, naweza kukutengenezea kitu cha kukulindia hizo mashine."

Hakuniuliza kama kweli naweza. Aliniuliza, "Unahitaji nini?"

Nikanunua vitu Thika: kibao kidogo cha kompyuta cha kutoshea kiganjani, vipima joto, waya, na king'ora cha aina ile ya kufungwa kwa maduka. Nikaandika programu kwa lugha inayoitwa Lua, kwa sababu ni nyepesi na kibao chenyewe kina memori kidogo sana. Kibao kinasoma joto, kinawasha taa za joto na kuzizima. Joto likipita pale tulipoweka, king'ora nilichofunga chini ya paa la nyumba kinalia hadi jirani wa tatu asikie.

Ikafanya kazi. Maitu akaanza kukaa harusi hadi mwisho. Kanisani akimpata mtu wa kumsikiliza anasema, "Mke wa mwanangu ndiye alitengeneza. Kwa kichwa chake." Mama mmoja wa Kamenu aliyekuwa na mashine kama zile akanipigia simu akitaka yake. Halafu mwingine wa Juja. Kwa mara ya kwanza tangu nimalize shule, nilikuwa na kazi ya kujibu nikiulizwa nafanya nini.

Sasa nivumilieni kidogo. Nitaeleza polepole, kwa sababu kosa la kwanza liko hapa.

Kile kibao kilikuwa na tabia ya kuganda. Kinafanya kazi siku kadhaa, kisha kinasimama, hadi Maitu akizime na kukiwasha. Nikagundua ni memori inajaa. Nilikuwa nahifadhi kila kipimo, joto na unyevu, ndani ya jedwali moja, na humo humo nilikuwa nimetupia mambo mengine yote ya mashine. Vipimo vya zamani vilikuwa vinajazana.

Lugha kama Lua ina ufagio wake. Kila baada ya muda unapita kwenye memori, unaangalia vitu gani bado vimeshikwa na programu. Kisichoshikwa na yeyote kinatupwa, ili nafasi ipatikane. Ukiweka kitu ndani ya jedwali la kawaida, jedwali limekishika, hakitupwi. Lakini kuna jedwali la aina nyingine, tunaliita jedwali dhaifu. Hilo linajua kitu kiko wapi, ila halikishiki. Ufagio ukipita na hakuna mwingine aliyekishika, kinaenda, na jedwali linabaki na pengo bila kusema neno.

Kwa vipimo vya zamani hiyo ilikuwa dawa. Nikaongeza mstari mmoja, na ndani ya mstari huo herufi moja, v, ya kuliambia jedwali lisishike vilivyomo. Kibao hakikuganda tena. Nilijiona mjanja.

Nilichosahau ni kwamba ile kazi ya kupiga king'ora nayo ilikuwa ndani ya jedwali hilohilo. Na haikuwa imeshikwa na kitu kingine chochote.

Kulikuwa na mstari mwingine, nao ni wangu pia. Unasema hivi: kama king'ora kipo, kiite, kama hakipo, endelea na kazi. Niliuandika ili programu isikwame ikikosa kitu. Kwa hivyo ufagio ulipopita na kukitupa, programu haikulalamika. Iliendelea na kazi. Hata kioo kidogo nilichokuwa nimeunganisha na kibao kiliendelea kuonyesha kiwango cha joto la hatari tulichoweka, kwa sababu namba hazifagiliwi namna ile. Ukiangalia unaona kila kitu kiko sawa.

Siku niliyoweka mabadiliko hayo nilijaribu king'ora mbele ya Maitu. Kikalia, mbwa wa majirani wakabweka, Maitu akapiga makofi. Kililia kwa sababu nilikuwa nimekiwasha dakika hiyo. Ufagio ulikuwa haujapita.

Mashine zikaangua vifaranga, zikaangua tena, na joto halikuwahi kuzidi. Hakuna aliyejua.

Ikafika Jumamosi moja mchana. Akina mama wa kanisa walikuwa na maombi kwa Maitu, wamejaa sebuleni hadi mlangoni. Mashine zote mbili zilikuwa na mayai, zimebakisha siku chache yaanguliwe, na mengi yalikuwa ya hao hao wamama. Fundi alikuja kutuambia baadaye kwamba swichi ya taa za joto ilishikana kwa ndani ikakataa kuzima. Mashine zote mbili zilipitia swichi hiyo moja. Joto likapanda wakati wageni wanaimba, likaendelea kupanda wakati wanaomba, na wakati wa chai Maitu akaenda nyuma kuongeza maji ya unyevu. Akafungua mlango wa mashine, joto likampiga usoni.

Alimpigia mume wangu simu. Alisema neno moja tu, "Kujeni."

Tulipofika Kalimoni tulimkuta ameketi juu ya jiko la udongo lililopinduliwa, trei ya mayai kwa magoti. Alikuwa amepasua moja kuangalia. Kifaranga kilikuwa kimekamilika, manyoya yote, mdomo umeelekea juu tayari kutoboa. Alikifunika na kona ya leso yake nilipokaribia, kama mtu anayeficha aibu ya nyumba.

Shemeji alikuwa amefika kabla yetu. Wageni wengine walikuwa hawajaondoka, wamesimama makundi makundi uani. Shemeji akanigeukia.

"Na hicho king'ora chako si kingelia?"

Hapo ndipo ningesema, "Ngoja nikiangalie kwanza." Ni maneno matatu. Lakini nilikuwa nimemwona anavyoniangalia, na nikakumbuka kile kicheko cha siku ile.

Nikasema, "Lazima kililia. Hapa walikuwa wanaimba."

Mama Nekesa akaingilia. Huyo ni jirani wa Maitu, mtu wa Bungoma, anafanya kazi kwa shamba la kahawa pale karibu, na mayai ya kuku wake wote yalikuwa ndani. Akasema, "Mimi niliketi dirishani, chini ya hicho kitu kabisa. Kingelia ningeruka."

"Mama Nekesa, mlikuwa watu wengi," nikamwambia, na sauti yangu ilikuwa ya upole, ile ya kumwelewesha mtu. "Mkiimba hamuwezi kusikia."

Akanitazama, akanyamaza. Ni mgeni pale, na mimi ni mke wa boma.

Maitu aliuliza tu, "Kwani kililia?"

Sikumjibu. Shemeji ndiye alimjibu.

Jumapili alasiri, tukiwa tumerudi Ruiru, nilikiweka kile kibao, nilichokuwa nimekifungua Kalimoni pamoja na king'ora chake, kwa meza ya jikoni nikakiunganisha na laptop. Mume wangu alikuwa ametoka na mtoto. Nikapasha moto kipima joto. King'ora kikalia. Niliketi chini nikashukuru Mungu, kweli nilishukuru, kwa kuwa kosa halikuwa langu.

Nikaacha kibao kikiendelea, nikaenda kufua. Niliporudi, nikajaribu tena kwa kuhakikisha tu.

Kimya.

Nikazima nikawasha. Kikalia. Nikangoja. Nikajaribu. Kimya. Nikafungua programu, nikasoma mstari kwa mstari hadi nikafika kwa ile herufi. Sikuhitaji kusoma zaidi.

Simu yangu ikalia. Ni shemeji.

"Nataka kujua kitu kabla sijaongea na Maitu," akasema. "Umeangalia hiyo mashine yako?"

"Nimeangalia."

"Una uhakika kililia?"

Kulikuwa na nafasi hapo. Mtu anaweza kudhani mambo kama hayo yanapita haraka. Hayapiti haraka. Nilikuwa na wakati wa kutosha wa kuchagua.

"Ndiyo," nikasema. "Kililia."

Akashusha pumzi. "Basi ni yeye. Nimekuwa nikiona dalili, tena. Juzi ameniita kwa jina la mzee."

Kila mama huchanganya majina ya watoto na ya baba yao. Nilijua hivyo. Nikasema, "Pole, shemeji."

Wakampeleka Maitu kwa daktari wa masikio Thika. Masikio yakaonekana mazuri kwa umri wake. Mtu angedhani hiyo ingemsaidia. Ilimmaliza. Kama masikio ni mazima na king'ora kililia, basi tatizo ni kichwa. Shemeji alisema hivyo kwa sauti ya huruma kabisa, na namjua, alikuwa anaumia. Si mtu mbaya. Alikuwa anafanya hesabu sahihi kwa jibu la uongo nililompa.

Wamama waliopoteza mayai hawakumtukana Maitu. Waliacha tu kuleta. Ukimwuliza mmoja anasema kuku wake wameacha kutaga, mwingine anasema ameamua kungoja mvua. Mama Nekesa peke yake alileta trei nyingine. Maitu akamrudishia. Akamwambia, "Nenda nayo, usije ukalia tena kwa sababu yangu."

Na mimi nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa Kamenu. Nilikuwa Juja. Nilienda kwa wale wateja wangu wawili nikawaambia nimekuja kufanya sevisi, nikafungua vibao vyao nikaondoa ile herufi, king'ora nikakiweka mahali kitashikwa vizuri. Vifaranga vya watu wengine nilivilinda. Yule mama wa Kamenu akanipa chai na mkate, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama mkwe wako anaendeleaje? Nasikia kichwa kimeanza kumsumbua."

Nikamwambia anaendelea vizuri. Nikamaliza chai.

Nitasema kwa nini sikufungua mdomo, ingawa sababu haisaidii. Niliogopa shemeji, ndiyo. Niliogopa kupoteza wale wateja. Lakini zaidi niliogopa Maitu mwenyewe. Katika hiyo familia yote yeye ndiye alikuwa ameona nina maana. Sikutaka anione kama wengine wanavyoniona. Kwa hivyo nilimwacha ajione yeye hana maana. Sijui kama kuna kitu kibaya kuliko hicho mtu anaweza kumfanyia anayempenda.

Ndugu wakakubaliana asikae peke yake. Mashine zikauzwa. Boma likapangishwa, kuku waliobaki wakagawanywa, na Maitu akahamia Membley kwa shemeji. Ni nyumba nzuri, ina geti, ina maua, ina chumba chake chini asipande ngazi. Mtaa wenyewe hauruhusu kufuga kuku.

Nilianza kumtembelea kila wikendi. Kila mara niliondoka nimeahidi kwamba wiki ijayo nitasema. Na kila wiki nilimkuta amepungua. Alianza kuniomba nimwangalizie vitu. "Mwari wakwa," ananiita hivyo, binti yangu, "hebu niangalizie kama nimezima gesi." Naenda naangalia. Imezimwa. Baadaye kidogo ananiomba tena. Mwanamke aliyekuwa anajua joto la mashine kwa kuingiza mkono, sasa anaomba aangaliziwe jiko alilolizima mwenyewe.

Siku moja nilimkuta jikoni amesimama, mkono uko kwa swichi ya taa, anaizima, anaiwasha, anaizima, anaitazama. Aliponiona akaacha, akatabasamu. Nilirudi Ruiru nikamwambia mume wangu kila kitu, tukiwa tumesimama kwa mlango wa jikoni.

Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Ulijua lini?"

"Ile Jumapili."

"Jumapili gani?"

"Ile ya baada ya mayai."

Akaingia kwa chumba cha mtoto akakaa huko hata chakula kikapoa. Alipotoka alisema, "Utaenda umwambie. Mbele ya kaka. Mimi nitakuwa hapo lakini sitakusemea."

Tukaenda Membley. Nilibeba kibao, kipima joto, king'ora na laptop. Nilikuwa nimehifadhi programu ya zamani vile ilivyokuwa, na kosa lake. Nilijiambia nikiwaonyesha kwa macho yao hakuna atakayebisha.

Nikamwambia Maitu, "King'ora hakikulia. Hukukosea chochote. Mimi ndiye niliandika programu vibaya, nikajua, nikanyamaza. Nisamehe." Nikaendelea kueleza ufagio na jedwali na ile herufi, na nikiendelea niliona uso wake unabaki vilevile, ule uso wa mtu anayemsikiliza mgonjwa.

Shemeji akasema, "Tuonyeshe basi."

Nikawasha kibao, nikaweka kipima joto ndani ya kikombe cha chai ya moto. King'ora kikalia, nyumba nzima ikatetemeka, Maitu akaziba masikio.

"Si hiyo inalia," shemeji akasema.

"Ngoja. Ufagio haujapita." Nikaandika amri kwa laptop, ile ya kulazimisha ufagio upite saa hiyo hiyo. Nikarudisha kipima joto kwa chai. Kimya.

"Umekizima," akasema.

"Sijakizima. Hivi ndivyo ilivyofanyika Kalimoni."

"Nimekuona ukibonyeza kitu, kikanyamaza. Kalimoni nani alibonyeza?"

Nikakizima nikakiwasha upya, nikajaribu kukiacha kijifagie chenyewe. Tuliketi pale tukikingoja. Nilijaribu, kikalia. Tukangoja tena, kikalia tena. Mara nyingine kibao huchukua muda mrefu, hutegemea memori imejaa vipi, huwezi kukiharakisha bila kukigusa. Kule jikoni kwangu kilikuwa kimenyamaza nikiwa nafua tu. Siku hiyo, mbele ya watu, kilikataa kukosea. Chai ikapoa, wakanipashia nyingine, na kila nikikiangalia kililia vizuri, kama kitu kilichotengenezwa na mtu anayejua kazi.

Maitu akaweka mkono wake juu ya wangu, ule wenye kipima joto.

"Mwari wakwa, wacha sasa. Umetoka Ruiru na hivi vitu vyote kuja kunibebea mzigo wangu. Mungu akubariki."

"Maitu, si kukubebea. Ni ukweli. Hakikulia."

"Lakini mimi nilikisikia," akasema.

Tukamwangalia sote.

"Nilikisikia tukiimba. Nikadhani ni pikipiki. Nakumbuka vizuri kabisa. Niliwaza niinuke, nikaona aibu kuwaacha wageni." Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, lakini sauti ilikuwa imetulia, ya mtu aliyekwisha kujihukumu akamaliza. "Sikutaka kuwaambia. Ni mimi."

Hakusikia kitu. Hakukuwa na kitu cha kusikia. Lakini tulikuwa tumemwambia mara nyingi sana, na yeye si mtu wa kuwafanya watoto wake waongo. Alitafuta ndani yake mlio huo hadi akaupata.

Nililia. Akanibembeleza. Nimekuja kumwomba msamaha, na yeye ndiye akanipangusa uso na leso yake, akimwambia shemeji aniletee maji.

Tukiwa getini, shemeji aliniambia, "Hata kama ni vile unasema, sasa itabadilisha nini? Mashine zimeuzwa. Na yeye mwenyewe umemwona." Hakusema kwa hasira. Nadhani ananiamini nusu, na ile nusu nyingine anaihitaji, kwa sababu yeye ndiye alimhamisha mamake.

Mume wangu ananiamini yote. Tunaishi. Tunaongea juu ya shule ya mtoto na unga. Aliniambia mara moja tu, tukiwa tunaanua nguo, "Ungesema ile Jumapili, angekuwa Kalimoni saa hii." Akaendelea kukunja nguo.

Nilikwenda pia kwa Mama Nekesa, kule Kalimoni. Huyo hakuhitaji kibao wala laptop. Alinisikiliza akichambua mboga, kisha akasema, "Mimi nilijua. Niliketi dirishani." Nikamwomba aje Membley amwambie Maitu. Akaja, na watoto wake wawili, amevaa nguo za kanisa. Akamwambia. Maitu akafurahi sana kumwona, akamfungia maparachichi, akamwambia yeye ni jirani mwema na hajawahi kuwa na rafiki wa kumtetea namna hiyo.

Sasa kuna jambo linaloninyima usingizi hata mchana. Juzi Maitu kweli alisahau. Alimwita binti yangu kwa jina lisilo lake, akashikilia, akakasirika alipokosolewa. Na sijui. Sijui kama ugonjwa ulikuwa njiani tangu zamani, au ni sisi tulimfundisha, au ni mimi. Nilimwuliza daktari mmoja. Alisema hakuna wa kujua. Hakuna kipimo cha kunionyesha Maitu angekuwa mtu gani leo kama nisingesema lile neno.

Nyinyi mnaoandika programu, na nyinyi mafundi wa kila aina: mtu akikuambia kazi yako haikufanya kazi, usianze na masikio yake. Anza na mikono yako. Nenda ukaangalie kabla hujamjibu, hata kama kuna mtu amesimama hapo anangoja kukucheka. Acha acheke. Kicheko kinaisha.

Na wewe ambaye tayari unajua, unangoja siku nzuri ya kusema, nakuomba usingoje. Mimi nilidhani ukweli unaweza kukaa tu mahali nimeuweka, nikiuhitaji nitaukuta. Nilipoufikisha kwa mwenyewe, alikuwa ameshajifunza kuishi bila huo. Aliupokea kama zawadi ya mtu mwenye huruma, akanishukuru, akauweka kando.